Mwongozo kamili: Namna ya kutoa maoni yanayofanyiwa kazi kwenye rasimu ya kiwango cha data cha hojaji za utafiti wa kitabibu

Kuna watu wanaoshughulika na data ya utafiti kila siku, wana jambo la maana la kusema, wanatuma maoni yao kwenye rasimu, kisha wanajibiwa kwa sentensi moja: suala hili liko nje ya wigo wa mapitio. Wanakasirika, na duru inayofuata hawashiriki tena.

Ukisoma maoni ya aina hiyo utakuta kasoro zilezile. Mwandishi ameikosoa hojaji badala ya kiwango. Au ametaja tatizo bila kusema liko ukurasa gani na mstari gani. Au, na hili ndilo baya zaidi, ameisoma rasimu kama gazeti bila kuijaribu. Mwongozo huu umepangwa ili kasoro hizo zisikupate.

Tunazungumzia nyaraka za nyongeza za QRS zinazoandaliwa na CDISC, shirika linalotunga viwango vya data za utafiti wa kitabibu. QRS hukusanya aina tatu za vipimo: hojaji, majaribio ya utendaji wa mwili na viainisho vya kitabibu. Kila waraka unashughulikia kipimo kimoja na kueleza majibu yake yanavyoingia kwenye majedwali ya SDTM, mfumo wa kupanga data ambao wadhibiti wa dawa, FDA ya Marekani na PMDA ya Japani, huudai wanapopokea data za majaribio ya dawa. Kwa hiyo neno lililokosewa humo haliishii kwenye karatasi. Litanakiliwa na kila kampuni itakayotumia kipimo hicho.

## Andaa hivi kwanza

- Rasimu yenyewe, pamoja na tarehe yake na tarehe ya mwisho ya kupokea maoni.
- Fomu asili ya hojaji kutoka kwa mwenye hakimiliki au chapisho lake rasmi, toleo lilelile linalotajwa kwenye rasimu. Fomu iliyochapwa upya na mradi wenu haifai.
- Mwongozo wa mwenye hojaji wa kukokotoa alama, kama upo.
- Orodha ya istilahi za CDISC ya karibuni kabisa. Huchapishwa kila robo mwaka kupitia NCI, taasisi ya saratani ya Marekani.
- SDTMIG, yaani mwongozo wa utekelezaji wa SDTM, toleo linalorejelewa na rasimu.
- Excel au programu yoyote ya majedwali.
- Akaunti ya CDISC ya kuingilia Jira, ambako maoni huwekwa. Ifungue mapema, usisubiri siku ya mwisho ndipo ugundue kwamba nywila haifanyi kazi.
- Mtu mmoja aliyewahi kuiendesha hojaji hiyo mbele ya wagonjwa: muuguzi, mhoji au daktari. Yeye anajua mahali wagonjwa wanapokwama, jambo ambalo jedwali halikuonyeshi.

Hakuna haja ya kuwa mtaalamu wa SDTM. Ukijua kusoma jedwali na ukawa na subira ya kulinganisha herufi kwa herufi, unatosha.

## Hatua ya 1: Tenga kinachoweza kubadilishwa na kisichoweza

Maneno ya maswali, mpangilio wake, chaguo za majibu na namna ya kujumlisha alama ni mali ya mwenye hojaji. CDISC huomba ruhusa ya kukitumia kipimo chenye hakimiliki, na ikinyimwa haiwezi kutoa waraka wake wa nyongeza. Ikipewa, hairuhusiwi kurekebisha hata nukta. Kwa hiyo ukiandika kwamba swali la tano linamchanganya mgonjwa, unaweza kuwa unasema kweli tupu, na bado hakuna cha kufanywa. Barua hiyo ipeleke kwa mwenye hojaji.

Kinachojadiliwa ni hiki: msimbo na jina la kila swali, kikoa (yaani kundi la jedwali) kilichochaguliwa, mahali pa kuweka jibu la asili na alama, kipindi ambacho swali linakihusu, namna ya kuonyesha swali lisilojibiwa, jedwali la mfano, na maelezo yanayoandamana navyo.

Kuna mpaka mwingine ndani ya hapo. Istilahi, yaani misimbo na majina ya maswali, mara nyingi hupitia mapitio yake na kuchapishwa kabla ya waraka wenyewe. Angalia kama misimbo unayoiona tayari imo kwenye orodha ya NCI. Ikiwamo, kosa la tahajia ndani yake hurekebishwa kwa kuwasilisha ombi la kubadilisha istilahi, na rasimu itafuata. Liandike kwenye maoni yako pia, lakini sema wazi kwamba istilahi imeshachapishwa.

Utajua umemaliza hatua hii ukiweza kuweka kidole mahali popote kwenye rasimu na kusema bila kusita: hiki ni cha mwenye hojaji, hiki ni cha orodha ya istilahi, hiki ni cha waraka huu.

## Hatua ya 2: Hakiki toleo na kikoa

Hojaji zenye jina moja si lazima ziwe kitu kimoja. Kipimo cha Hamilton cha sonona chenye maswali 17 na kile cha maswali 21 hutambuliwa kama vipimo viwili, kila kimoja na jina lake. SF-36, hojaji ya hali ya afya kwa jumla, toleo la pili ina sura mbili: ya kawaida inayouliza kuhusu wiki nne zilizopita, na ya muda mfupi inayouliza kuhusu wiki moja. Maswali yanafanana kiasi cha kumpumbaza mtu mwenye haraka, lakini data zake hazichanganywi.

Weka fomu asili na rasimu kando kwa kando, kisha linganisha mwaka, namba ya toleo, idadi ya maswali na maneno ya utangulizi juu ya fomu. Utangulizi ndiko kipindi kinakofichwa.

Halafu kikoa. QS ni ya hojaji: maswali yaliyopangwa, yanayojibiwa na mgonjwa, mhoji au mlezi. FT ni ya majaribio ya utendaji, ambapo mtu anapewa kazi na kazi hiyo inapimwa. Kutembea kwa dakika sita ni mfano wake. RS hubeba mwitikio wa ugonjwa pamoja na viainisho vya kitabibu, kama APACHE II ya kupima ukali wa ugonjwa kwa wagonjwa mahututi, vinavyokusanya taarifa kutoka vyanzo kadhaa na kutoa daraja au alama moja. Viainisho hivi viliingizwa rasmi kwenye RS kuanzia SDTMIG 3.3, kwa hiyo ukiwa na mazoea ya zamani unaweza kudhani rasimu imekosea kumbe wewe ndiye uliyebaki nyuma. Soma toleo linalorejelewa kabla ya kuandika.

## Hatua ya 3: Jaza fomu za kubuni, ukiwa na nia ya kuivunja rasimu

Hapa ndipo maoni mazuri yanapozaliwa, na ndipo wengi wanaporuka. Rasimu ikisomwa inaonekana haina dosari. Waandishi wake wameichambua kwa wiki nyingi. Dosari hujitokeza pale jibu la ajabu linapotafuta mahali pa kukaa.

Chapa nakala kadhaa za fomu asili na uzijaze hivi:

1. Mgonjwa mtiifu. Amejibu yote, jibu moja kwa kila swali.
2. Mgonjwa aliyeacha maswali mawili bila sababu.
3. Mgonjwa ambaye majibu yake ya mwanzo yanamruhusu kuruka maswali ya baadaye.
4. Mgonjwa aliyechagua "hainihusu" au "sijui" kila inapowezekana, na kuandika maelezo kwenye nafasi ya "mengineyo".
5. Mgonjwa ambaye hakufanyiwa kipimo kabisa siku ya ziara.

Mwite yule muuguzi au mhoji na umwombe akuongezee mgonjwa wa sita: yule anayemsumbua kila mara. Aliyechora duara kati ya majibu mawili. Aliyeacha tarehe. Aliyejibiwa na mke wake.

Onyo: usitumie fomu za wagonjwa halisi, hata ukifuta majina. Kipande cha data hizo kinaweza kujikuta kimebandikwa kwenye maoni yanayosomwa na dunia nzima.

## Hatua ya 4: Geuza kila fomu kuwa mistari ya jedwali

Fungua Excel na uandike vichwa vya safu kama vilivyo kwenye jedwali la mfano la rasimu. Kila swali ni mstari mmoja. Jaza ukifuata rasimu peke yake, si uzoefu wako. Kila unapolazimika kukisia, weka alama nyekundu kwenye kisanduku hicho na uendelee. Usisimame kutafuta jawabu. Mwishoni, visanduku vyekundu ndiyo maoni yako yakiwa bado mabichi.

Mambo ya kuyachungulia ni haya.

### Msimbo na jina la swali

QSTESTCD, safu ya msimbo wa swali, haizidi herufi 8, haianzi na tarakimu, na haibebi alama nyingine zaidi ya herufi, tarakimu na mstari wa chini. Sababu ni ya kiufundi: faili za SAS (programu ya takwimu) zinazopelekwa kwa wadhibiti hufuata umbo la zamani lenye ukomo huo, na msimbo huo hugeuzwa kuwa jina la safu jedwali linapopinduliwa.

QSTEST, safu ya jina la swali, nayo haizidi herufi 40. Chukua PHQ-9, hojaji maarufu ya dalili za sonona. Swali lake la kwanza limeitwa "PHQ01-Little Interest/Pleasure in Things". Hesabu herufi, nafasi na alama: 40 kamili. Kiambishi cha mwanzo peke yake kimekula 6, zikabaki 34 za kubeba maana ya swali zima.

Kwa hiyo usipoteze muda kulalamika kwamba majina yamefupishwa, lazima yafupishwe. Uliza mambo mawili. Je, ufupisho umegeuza maana? Na je, kuna maswali mawili ambayo yakifupishwa yanafanana kiasi cha kuchanganywa? Hojaji inayouliza maumivu ya goti "ukiwa umelala" na "ukiwa umesimama" ikipoteza maneno hayo ya mwisho imeharibika.

Tumia fomula ya LEN ya Excel kuhesabu urefu wa kila jina. Macho hudanganya.

### Jibu la asili na alama yake

QSORRES hubeba jibu kama lilivyo kwenye fomu. QSSTRESC hubeba umbo sanifu kama maandishi, na QSSTRESN hubeba namba yake, kama ipo. Kwenye PHQ-9, mgonjwa akichagua "Several days", hayo maneno yanakaa QSORRES na 1 inakaa kwenye safu nyingine mbili, kwa kuwa fomu imechapishwa ikiwa na namba 0 hadi 3.

Sasa nenda kwenye swali la mwisho la hojaji hiyohiyo, lile linalouliza matatizo hayo yamekuwia vigumu kiasi gani. Lina chaguo nne za maneno, bila namba pembeni, na halimo kwenye jumla ya alama. Ukikuta rasimu ya hojaji yoyote imeyapa namba majibu ambayo fomu haikuyapa, uliza zimetoka wapi. Zikiwa zimetoka kwenye mwongozo wa mwenye hojaji, rasimu iseme hivyo. Zikiwa zimetungwa, hilo ni kosa zito, kwa sababu mtakwimu atazijumlisha bila kujua.

Angalia pia maswali ambayo alama zake hugeuzwa, yale ambayo jibu la juu lina maana ya hali mbaya ilhali mengine ni kinyume. Namba iliyomo kwenye jedwali la mfano ni ile iliyochapishwa kwenye fomu, au ni ile iliyokwisha kugeuzwa? Rasimu ikikaa kimya, watu wawili watajenga data mbili tofauti na wote wataamini wamefuata kiwango.

### Kipindi kinachoulizwa

"Katika wiki mbili zilizopita" huandikwa kwa umbo la ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na muda, kwenye safu ya QSEVLINT: -P2W, alama ya kutoa ikimaanisha kurudi nyuma. Lakini hojaji zingine husema "maishani mwako", "usiku uliopita" au "hivi karibuni". Hayo hayana muda unaoweza kuhesabiwa, na safu yake ni QSEVINTX.

Kagua kila swali, si utangulizi tu. Zipo hojaji ambazo maswali kumi ya kwanza yanahusu wiki moja na mawili ya mwisho yanahusu leo. Jedwali la mfano likiwa na -P1W kuanzia juu hadi chini, umepata kitu.

### Pengo na aina zake

Swali lililoachwa wazi, swali lililorukwa kwa utaratibu, na jibu la "hainihusu" ni mambo matatu yasiyofanana. Kwa kuwa maoni mengi ya thamani hutoka hapa, yatazame moja moja.

Mgonjwa akiacha swali alilopaswa kulijibu, QSORRES inabaki tupu, QSSTAT, safu ya hali, inakuwa NOT DONE (halikufanyika), na QSREASND inabeba sababu kama ilikusanywa.

Swali likirukwa kwa sababu hojaji yenyewe imeelekeza hivyo, QSSTAT bado ni NOT DONE lakini QSREASND huandikwa LOGICALLY SKIPPED ITEM. Swali la mwisho la PHQ-9 ni mfano safi: fomu humtaka alijibu aliyetaja tatizo lolote, kwa hiyo aliyejibu sifuri kote hana wajibu nalo. Data ikimwonyesha kama aliyekataa kujibu, imemsingizia.

"Hainihusu" iliyochapishwa kwenye fomu kama chaguo ni jibu halali. Inakaa QSORRES, na QSSTAT haiguswi.

Pitisha mgonjwa wako wa pili, wa tatu na wa nne katika kanuni hizi. Kama hojaji ina maelekezo ya kuruka na rasimu haina hata mstari mmoja wa mfano unaoonyesha kurukwa, omba uongezwe. Ombi hilo ni jepesi kukubaliwa: halibadilishi kanuni, linaondoa ukisiaji.

### Jumla ya alama

Jumla iliyoandikwa kwenye fomu, au iliyoletwa na mfumo wa nje pamoja na data, huingia SDTM. Jumla ambayo timu ya utafiti inaikokotoa yenyewe baadaye ni kazi ya ADaM, majedwali ya uchambuzi. Angalia kama fomu asili ina nafasi ya jumla, na kama rasimu imeipa msimbo. Fomu ina nafasi, msimbo haupo: andika. Kuna msimbo wa jumla ndogo ambayo haionekani popote kwenye fomu wala kwenye mwongozo: andika pia.

### Kwa majaribio ya utendaji

Kama kipimo ni cha FT, ongeza maswali mawili. Kipimo kimoja hufanywa mara ngapi? Jaribio la kutembea futi 25 kwa saa ya kuhesabia hufanywa mara mbili mfululizo, na bila safu ya FTREPNUM, inayobeba namba ya marudio, huwezi kujua mstari upi ni wa jaribio lipi. Na je, matokeo yana kizio, yaani sekunde, mita au mara? Namba isiyo na kizio kwenye FT ni kisanduku chekundu papo hapo.

## Hatua ya 5: Ilinganishe rasimu na yenyewe

Waraka wa nyongeza una sehemu kuu tatu zinazosema jambo lilelile kwa njia tofauti: maelezo ya maandishi, jedwali la mfano, na fomu iliyoandikiwa majina ya safu juu ya kila swali. Zimeandikwa kwa nyakati tofauti, mara nyingine na mikono tofauti. Mahali zinapopishana ndipo kosa lilipo.

Chagua swali la kwanza, la mwisho, na moja la katikati lenye maelekezo ya kuruka. Lifuate kila moja katika sehemu zote tatu. Msimbo ni uleule? Jina ni lilelile, hata herufi kubwa na ndogo? Kipindi kinalingana? Kisha hesabu misimbo kwenye fomu na misimbo kwenye orodha ya istilahi. Fomu ikiwa na maswali 24 na orodha ikawa na misimbo 25, ule wa ziada uwe wa jumla ya alama. La sivyo una swali la kuuliza.

## Hatua ya 6: Chuja

Utakuwa na visanduku vyekundu vingi kuliko unavyostahili kutuma. Vigawe hivi.

Makosa: data itakuwa batili ikifuata rasimu kama ilivyo. Haya yanakwenda kwanza.

Utata: watu wawili makini watapata matokeo tofauti. Haya nayo yanakwenda, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa, maana makosa dhahiri yangeonwa na mtu mwingine hata usingekuwepo wewe.

Uhariri: tahajia, nafasi mbili badala ya moja, namba ya jedwali iliyopitwa. Yakusanye yote katika oni moja lenye orodha. Timu ikipokea maoni kumi na mawili kuhusu alama za mkato, lile la kumi na tatu lenye uzito linasomwa na macho yaliyochoka.

Ladha: ungependa jina lingine, ungependa mpangilio mwingine. Futa. Kama huwezi kutaja data itakayoharibika, huna hoja.

Mpe mwenzako asiyeijua rasimu fomu ile yenye utata, mwambie ajaze mistari mitatu. Akipata kitu tofauti na chako, huo ni ushahidi bora kuliko aya mbili za maelezo.

## Hatua ya 7: Andika oni lenye viungo vinne

Oni moja, jambo moja. Kila oni kwenye Jira hupewa uamuzi wake, na ukifunga mambo matatu pamoja, moja likikataliwa mengine huzama nalo.

Viungo ni mahali, tatizo, ushahidi na pendekezo. Tazama tofauti, kwa hojaji ya kubuni.

Oni bovu:

> Sehemu ya alama inachanganya sana. Tafadhali irekebishwe ili iwe rahisi kwa watumiaji.

Hakuna anayeweza kulifanyia kazi. Sehemu ipi? Inamchanganya nani? Iweje?

Oni zuri:

> Mahali: jedwali la mfano, mstari wa 7, QSSTRESC na QSSTRESN.
> Tatizo: jibu la tatu kwenye orodha limepewa 3. Fomu inaanza kuhesabu na 0, hivyo jibu la tatu ni 2.
> Ushahidi: fomu asili, swali la 7, pia mistari ya 1 hadi 6 ya jedwali hilihili inaanza na 0.
> Pendekezo: badilisha 3 kuwa 2 katika safu zote mbili.

Mtu anayelisoma anaweza kulihakiki haraka na kulikubali bila kukuandikia swali la kurudi. Hicho ndicho kipimo chako.

Pendekezo liwe maneno kamili ya kubandika. Badala ya "elezeni vizuri kuhusu kuruka", andika sentensi yenyewe unayotaka iingie. Maoni huandikwa kwa Kiingereza. Tumia sentensi fupi na maneno ya waraka wenyewe. Ufasaha si hoja hapa, na "mstari wa 7" unaeleweka na kila mtu.

Onyo la pili, na ni la kisheria: usinakili maswali ya hojaji yenye hakimiliki ndani ya oni. Maoni haya ni ya wazi. Taja namba ya swali, au jina lake la QSTEST ambalo tayari liko hadharani. Picha ya fomu nzima iliyoambatishwa "kwa urahisi wa rejea" inaweza kuileta CDISC matatani na mwenye hojaji aliyetoa ruhusa kwa masharti.

## Hatua ya 8: Tuma mapema

Usijiwekee lengo la siku ya mwisho. Tuma makosa mazito mara unapoyathibitisha, hata kama bado unaendelea na sehemu nyingine. Waandishi wakipata swali mapema wanaweza kukuuliza ukiwa bado na jedwali lako mezani.

Kabla ya kutuma, soma maoni yaliyokwisha kuwekwa. Ukikuta jambo lako limeshasemwa, usilirudie kama jipya. Ongeza chini yake ushahidi ulio nao ambao mwenzako hana. Na kama umefanya kazi na wenzako ofisini, kubalianeni kwanza. Taasisi moja ikileta maoni mawili yanayopingana inajifuta yenyewe.

Maoni yakipita tarehe hayapotei kabisa, lakini hubadilika kuwa ombi la toleo lijalo. Hapo bei inapanda. Msimbo ukishachapishwa na kutumika kwenye tafiti kadhaa, kuubadilisha kunawalazimu wote walioutumia kueleza kwa nini data yao ya zamani hailingani na ya sasa, na timu ya viwango itasita, kwa haki kabisa.

## Hatua ya 9: Fuatilia uamuzi

Kila oni hushughulikiwa kabla ya waraka kuchapishwa. Litakubaliwa, litakataliwa na sababu kutolewa, au litaahirishwa.

Likikubaliwa, fungua toleo lililochapishwa na uhakikishe badiliko limeingia kila mahali. Kosa la QSSTRESC likisahihishwa kwenye jedwali na kubaki kwenye maelezo, umerudi kwenye hatua ya tano.

Likikataliwa, soma sababu ukiwa umetulia. Mara nyingi utagundua kuna kanuni ya jumla ya QRS uliyoikosa, nayo itakusaidia kwenye rasimu ijayo. Sababu ikiwa haigusi ushahidi wako, jibu mara moja, kwa ufupi, ukiongeza kitu kipya: mstari wa data, ukurasa wa mwongozo wa mwenye hojaji. Kurudia hoja ileile kwa sauti ya juu zaidi hakujawahi kubadilisha safu ya jedwali.

Likiahirishwa, andika namba yake ya Jira kwenye faili ya mradi wenu, pamoja na uamuzi mliochukua ninyi wenyewe kwa sasa. Mdhibiti akiuliza miaka miwili baadaye kwa nini mlijaza safu hiyo hivyo, mtakuwa na jibu lenye tarehe.

Zile fomu za kubuni na jedwali lako la Excel usizitupe. Waraka ukishatoka, zipitishe tena kwenye toleo la mwisho, mstari kwa mstari. Zikipita bila kisanduku chekundu, mnaweza kuanza kuweka data ya utafiti wenu.